Taharuki haijengwi kwa kuficha

Kazi yangu ni kuhariri filamu. Waandishi wachanga huniletea miswada yao niisome kabla hawajaanza kutafuta pesa za kupiga picha, na mingi ni ya kusisimua: ujambazi, utekaji, mume mwenye siri, mgeni asiyejulikana ametoka wapi. Karibu yote inaumwa ugonjwa mmoja. Mwandishi ameficha kila kitu. Muuaji hatumjui, sababu ya kuua hatuijui, kilichomo ndani ya begi hatukijui, hata dada anayelia kwenye ukurasa wa kwanza hatuambiwi analilia nini. Ukimuuliza mwandishi kwa nini, anajibu bila wasiwasi kwamba anataka mtazamaji ashikwe na taharuki.

Mtazamaji huyo hashikwi na chochote. Amerundikiwa maswali ambayo hajapewa sababu ya kuyajali, na baada ya dakika ishirini ameshachukua simu yake. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu nimekaa miaka mingi mahali ambapo wahariri wengi hawapati bahati ya kukaa: mbele ya watazamaji, nimewageukia wao, picha ikiwa mgongoni kwangu.

Mjomba wangu alikuwa na banda la video Makambako, si mbali na stendi, mwishoni mwa miaka ya 1990. Lilikuwa na deki, televisheni moja juu ya meza ndefu, mabenchi ya mbao, na jenereta nyuma ya ukuta. Wateja walikuwa madereva wa malori waliolala pale kabla ya kuendelea na safari ya Mbeya na Tunduma, mautingo wao, wapiga debe, na vijana wa sokoni. Mimi nilikusanya viingilio mlangoni, kisha nikaenda kukaa pembeni ya televisheni kuichunga deki na kubadilisha kanda. Kanda zenyewe nilikuwa nimeshaziona mchana wakati wa kuzijaribu, kwa hiyo usiku nilitazama nyuso.

Banda letu lilikuwa na msimulizi, kijana mwenye kipaza sauti aliyetafsiri maneno ya wahusika na kuongeza ya kwake. Alikuwa na tabia moja iliyomkera mjomba. Tuseme stelingi anarudi nyumbani, anavua koti, anajimiminia kinywaji. Kwenye picha yenyewe, adui anachomoza ghafla nyuma ya pazia: watu wanashtuka, wanacheka, basi. Msimulizi wetu hakukubali iishe hivyo. Mara tu stelingi aliposhika kitasa cha mlango alisema taratibu, kama anayesengenya, "Huyu bwana anaingia kwake, hana habari. Mwenzake yuko nyuma ya pazia tangu saa kumi." Na banda lote likabadilika. Koti lile lile, glasi ile ile, lakini sasa kila kitu kilichukua muda mrefu mno. Watu walipiga kelele: "Pazia! Angalia pazia!" Stelingi akisogea upande wa dirisha, wanaguna wote kwa pamoja. Akirudi kuchukua barafu, wanashusha pumzi. Sekunde chache za picha ambazo hapo awali zilikuwa za kupitia tu zikageuka kuwa ndizo sini yenyewe.

Mjomba alimwambia, "Kijana, unawamalizia watu utamu." Naye akajibu, "Mjomba, utamu ndiyo kwanza unaanza." Wateja walikuwa upande wake. Walipofika mlangoni, kabla ya kutoa hela, waliniuliza nani anasimulia leo.

Nilipokuja kufanya kazi ya uhariri Dar es Salaam nilikutana na maelezo ya Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu Mwingereza aliyefanya kazi kubwa ya maisha yake Marekani, katika mazungumzo marefu aliyofanya na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut mwaka 1962 na ambayo yalitoka kama kitabu mwaka 1966. Anatoa mfano wa watu wawili wanaozungumza mezani, na chini ya meza kuna bomu. Ikiwa mtazamaji hajui, bomu likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Ikiwa alionyeshwa tangu mwanzo mtu akilitega, anajua litalipuka saa saba kamili, na saa ya ukutani inaonyesha saa saba kasorobo, basi mazungumzo yale yale ya kawaida yatamshika dakika 15 nzima. Atatamani kuwaambia waache porojo, chini ya meza kuna bomu. Niliposoma hapo nilisikia sauti za Makambako zikilalamikia pazia.

Lakini ule mfano wa bomu, kwa jinsi unavyorudiwarudiwa, umewafanya wengi wadhani kwamba ukishamwonyesha mtazamaji bomu umemaliza. Msimulizi wetu alikuwa na nafasi ya kusema wakati wowote alioutaka. Mwandishi na mhariri hawana kipaza sauti. Sisi tuna mpangilio tu: jambo gani litangulie, lipi lifuate, nani ajue kabla ya nani. Filamu iliyonifungua macho upande huo ni Notorious, ambayo Hitchcock aliitoa mwaka 1946, na nina hakika hakuna shule ya muundo wa kisa iliyo bora kuliko sherehe iliyomo ndani yake.

Alicia (Ingrid Bergman) ametumwa na wapelelezi wa Marekani kwenda Rio de Janeiro kuingia katika kundi la Wanazi waliojificha huko. Ili aaminike, ameolewa na mmoja wao, Sebastian (Claude Rains). Devlin (Cary Grant), ambaye ndiye kiungo wake na ndiye anayempenda, anahitaji kuingia stoo ya mvinyo iliyoko chini ya nyumba. Ufunguo wake anao mume peke yake. Inaandaliwa sherehe kubwa, Devlin akiwa miongoni mwa waalikwa.

Tazama jinsi mambo yanavyopangwa. Kwanza Alicia anauchomoa ufunguo kwenye kishada cha mumewe wakati mume yuko chumba cha pili anajiandaa, na sauti yake tunaisikia. Mume anatoka, anamwendea kwa mapenzi, anamshika mikono yote miwili. Ufunguo uko ndani ya ngumi mojawapo. Anaufungua mkono mmoja, anaubusu. Mtupu. Anataka kuufungua wa pili, Alicia anamkumbatia shingoni, anauangusha ufunguo zuliani nyuma ya mgongo wake na kuusukuma kwa mguu. Kisha tunaletwa ukumbini, kamera ikiwa juu kabisa, wageni wanaonekana wadogo chini, na inashuka polepole bila kukatwa mpaka inafika kwenye mkono wa Alicia, mpaka kwenye ule ufunguo. Hapo Hitchcock ameshatuambia: katika ukumbi huu wote, jambo ni hili moja.

Halafu inakuja shampeni. Tunajuzwa mapema kwamba ikiisha, mtu atalazimika kushuka stoo kuleta nyingine, na atakayeombwa ufunguo ni Sebastian. Kuanzia hapo kila chupa inayofunguliwa ni saa inayokwenda mbele. Hitchcock anatukatia mara kwa mara kwenye chupa zilizo kwenye barafu, na kila tukirudi zimepungua. Hakuna mtu mwenye bastola katika sini hizo. Kuna mgeni mwenye kiu. Mgeni yeyote akichukua glasi nyingine, unamchukia bure kabisa. Mara ya kwanza nilipoitazama nikiwa na daftari niligundua kwamba maadui waliongezeka bila kuongezwa mhusika hata mmoja, kwa sababu kila asiye na hatia aliyenyanyua glasi alikuwa anamsogeza Sebastian kwenye ule mlango.

Na jambo lililonichukua muda zaidi kuliona ni linalotokea baada ya sherehe. Devlin na Alicia wanatoka stoo salama kiasi, wakijifanya wapenzi ili Sebastian aamini kwamba wivu ndiyo habari yenyewe. Mwandishi mwingine angeishia hapo, apumzishe watu, aanze hatari mpya. Hapa Sebastian anashuka na mtumishi kuchukua mvinyo, anaona ufunguo haupo kwenye kishada. Asubuhi anaukuta umerudi. Sasa yeye anajua. Alicia hajui kwamba mumewe anajua. Sisi tunajua yote mawili. Hadi hapo tulimwogopea Alicia asigundulike, kuanzia hapo ameshagundulika na anaendelea kunywa kahawa anayopewa kila siku, na tunajua ndani ya kahawa mna nini. Ile hofu haikuisha ikaanza nyingine. Iligeuzwa upande.

Tangu hapo, nikipewa muswada, nachora jedwali la kizembe tu pembeni ya ukurasa: sini hii, nani anajua nini, nani hajui, sisi tuko upande gani. Safu ya mtazamaji ikiwa tupu kurasa kumi mfululizo, najua mahali ambapo simu zitawashwa.

Filamu nyingine ninayoirudia ni ya Mfaransa Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1953, inayojulikana kwa Kiingereza kama The Wages of Fear. Hii niliionyesha Makambako. Banda la mjomba siku hizi ni kibanda umiza cha mpira, na nilipokwenda nyumbani kwa shughuli ya familia, jioni ambayo haikuwa na mechi nilimwomba mjomba nafasi. Nikaja na kompyuta yangu na projekta, nikashika kipaza sauti mwenyewe. Walioingia walikuwa wengi madereva.

Kisa ni hiki. Kwenye mji mmoja masikini wa Amerika ya Kusini wamekwama wanaume kutoka kila upande wa dunia, hawana kazi, hawana nauli ya kuondokea. Kisima cha mafuta cha kampuni ya Kimarekani kinawaka moto mbali huko, na kinachoweza kuuzima ni mlipuko wa nitrogliserini, kimiminika kinachoweza kulipuka hata kikitikiswa tu. Kuna malori mawili ya kawaida, hayana vifaa vya kubebea mzigo huo. Madereva wanne wanaahidiwa dola 2,000 kila mmoja. Wakifika.

Clouzot anachukua karibu saa nzima kabla ya lori kuondoka. Karibu saa nzima ya vumbi, ugomvi wa baa, deni, majivuno na uchovu. Waandishi wengi wangeikata, na mimi nilihofia kidogo banda litachoka. Halikuchoka, kwa sababu madereva waliijua ile hali ya kukaa mpakani unasubiri, pesa inaisha, na hakuna wa kumlaumu. Walianza kuchagua mtu wao. Mzee mmoja alisema kuhusu Jo, yule anayejitia ubabe mjini, "Huyu barabarani atalia." Hakuambiwa na mtu. Alimsoma. Na filamu ilipofika barabarani, ubabe wa Jo ukayeyuka kweli, banda likamgeukia mzee yule kwa makofi. Ile saa ya mwanzo ilikuwa inawekeza. Kila uso uliooneshwa mjini ulipewa kitu cha kupoteza au uongo wa kufichuka, na barabara ikaja kuvidai kimoja kimoja.

Kitu cha pili Clouzot anachotanguliza ni kanuni ya hatari. Kabla ya safari, bosi wa kampuni anadondosha tone la ule mzigo mbele ya madereva, na tone linalipuka. Basi. Baada ya hapo hahitaji maelezo. Shimo la barabarani ni kifo, breki ya ghafla ni kifo, gia iliyoingia vibaya ni kifo. Fikiria wanaume ambao wameshusha mlima Kitonga na mzigo mzima, injini ikinguruma na gia ndogo, wanatazama lori la nitrogliserini likilazimika kurudi nyuma kwenye jukwaa la mbao zilizooza ili kupata nafasi ya kukata kona ya mlimani. Sikuwa na cha kusimulia. Nilishusha kipaza sauti. Madereva walikuwa wanaendesha: "Taratibu, taratibu... usikanyage! Rudisha kidogo. Kata sasa, kata!" Utingo mmoja alikuwa amesimama ananyoosha mkono kumwelekeza dereva wa mwaka 1953 arudi nyuma.

Halafu nikawaangalia zaidi kwenye sini ambayo nilijua inakuja. Jo na dereva mwenzake, Mario, wako kwenye lori lao, lile lingine limetangulia mbali mbele. Jo anasokota sigara. Ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi, karatasi inabaki mkononi. Kisha mwanga. Lori lililotangulia halipo tena. Hatukuonyeshwa kosa lao, hatukuonyeshwa nyuso zao za mwisho. Banda lilinyamaza kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia pale. Baadaye mmoja aliniuliza walifanya nini wale jamaa hadi likalipuka. Nilimwambia filamu haisemi. Akatikisa kichwa akasema ndivyo ilivyo, huwa hupati kujua.

Jambo la ufundi hapo ni kubwa. Baada ya kupewa taarifa kila hatua, mara moja tunanyimwa, na unyimaji huo unafanya kazi kwa sababu ya yote tuliyopewa kabla. Wale wawili wa mbele ndio waliolipua jiwe kubwa lililoziba barabara. Wao wakiondoka, Mario na Jo wanabaki na barabara iliyoharibiwa na mlipuko huo huo. Tukio moja limejibu swali na kuongeza bei ya swali lililobaki. Ndiyo maana sipingi kuficha moja kwa moja. Ninachokataa ni kuficha kunakoanzia ukurasa wa kwanza, kabla mtazamaji hajapata cha kuhofia.

Kuna desturi moja ya huku kwetu ambayo lazima niiseme kwa sababu imeharibu waandishi wengi hodari. Kwa miaka mingi filamu za Kibongo ziliuzwa kwenye diski mbili, sehemu ya kwanza na ya pili, na sasa tamthilia za mtandaoni zinakatwa vipande kila wiki. Mhariri anaambiwa, tafuta pa kukata ili watu wanunue ya pili. Mara nyingi inakatwa hivi: mlango unagongwa, mke anashtuka, muziki juu, IMEISHIA HAPA. Sehemu ya pili inaanza, mlango unafunguliwa, ni jirani amekuja kuomba kiberiti. Mtu alilipa pesa yake akasubiri wiki nzima kwa ajili ya kiberiti. Hili linaniuma. Mtazamaji wa chini, anayejibana ili anunue bando, anastahili heshima kuliko hiyo, na akidanganywa mara kadhaa anajifunza kutoogopa mlango ukigongwa, hata siku ambayo kweli ni muuaji. Pa kukata pazuri ni pale swali la zamani linapojibiwa na jibu lenyewe linaleta shida. Sebastian akiukuta ufunguo umerudi kwenye kishada, kata hapo. Hakuna mlango uliogongwa, na hakuna atakayelala.

Filamu moja niliyohariri hivi karibuni ilinipa nafasi ya kulitumia hili sawasawa. Mke anatafuta hati ya nyumba ya marehemu baba yake ambayo mumewe ameificha chumbani ili aiuze. Katika muswada, mume anaaga, mke anaanza kupekua, mara mlango unafunguliwa, mume huyu hapa. Ilipigwa hivyo. Mezani kwangu ilikuwa mshtuko wa sekunde mbili na maswali: karudi kwa nini?

Tulipiga shoti chache za nyongeza na kupanga upya. Sasa mume anaaga na simu yake inabaki kwenye kochi. Mke hajaiona. Sisi tumeiona, kwa hiyo tunajua atarudi, na tunajua kabla yeye mwenyewe hajajua. Mke anaingia chumbani, anavuta sanduku uvunguni. Sebuleni simu inaita, inanyamaza. Tunakata kijiweni kwa bodaboda: mume anajipapasa mifuko. Chumbani kufuli linagoma. Bodaboda inakata kona tunayoijua, kwa sababu dakika za mwanzo za filamu tuliipitisha familia nzima njia hiyo ikitoka sokoni. Hili la njia niliiba kwa Rear Window ya mwaka 1954, ambapo Hitchcock anatukalisha dirishani na James Stewart aliyevunjika mguu tukizoea kila chumba cha ng'ambo, hivyo Grace Kelly anapoingia kwenye chumba cha yule anayeshukiwa kuua mkewe, na mwenyewe anatokea kwenye korido, hatuhitaji kuelezwa yuko umbali gani. Mtu ambaye hajui mlango uko wapi hawezi kuogopa hatua za miguu.

Kisha mtoto. Alikuwa anacheza uani katika picha zote, hana kazi. Tukampa. Mume anafungua geti, na kutoka chumbani mke anasikia kupitia dirishani, "Shikamoo baba." "Marahaba." Hapo anaganda. Mtoto anaanza kumsimulia baba habari ya paka aliyejifungua kwa jirani, kwa urefu na madaha yote ya mtoto wa miaka mitano, na baba, ambaye si mtu mbaya kwa mwanawe, anamsikiliza. Simulizi ya paka ndiyo muda wote alionao mke. Mtoto akisita, tunaona mkono kwenye sanduku. Akikumbuka habari nyingine, tunapumua. Mwongozaji alitaka kuweka muziki chini yake, na nilimwomba tuiache sauti ya mtoto peke yake, akakubali.

Mke anachomeka hati chini ya mto, anasukuma sanduku, anachukua fagio. Mume anaingia, anamsalimu, amekuta simu. Angeweza kuondoka. Anakaa kitandani, anasema amechoka, ajinyooshe kidogo. Analaza kichwa kwenye mto.

Hapo ndipo tulipobishana sana: augeuze mto au asigeuze? Mwandishi alitaka aamke aondoke, mke aokoke. Mimi nilishikilia kwamba hapana, na nilimtolea mfano wa Sabotage, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1936, japo inaonekana kunipinga. Humo mtoto anabebeshwa bomu bila kujua, litakalolipuka saa 7:45 mchana. Njiani anacheleweshwa na mchuuzi, anacheleweshwa na maandamano ya Meya, anapanda basi, saa zinakwenda. Na bomu linalipuka na kumuua. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock mwenyewe alimwambia Truffaut kwamba alikosea. Mwandishi wetu akaniambia, unaona, watu wanataka kuokolewa. Nadhani watu hawakukasirishwa na kwamba ahadi ilitimizwa. Walikasirika kwa sababu mwenye kulipa alikuwa mtoto asiye na deni lolote katika kisa kile. Madereva wa Clouzot walijua bei wakasaini. Mke wetu pia alijua anachofanya alipovuta lile sanduku. Mume akiondoka bila kugeuza mto, simu, kufuli, bodaboda na paka vyote vinakuwa kiberiti cha jirani.

Kwa hiyo anaugeuza. Mke yuko jikoni anaandaa chai. Mume anaiona hati, anaitazama, anairudisha ilivyokuwa, anausawazisha mto, anakwenda mezani kunywa chai na mkewe, na anamuuliza mtoto amalizie habari ya paka. Tulikuwa bado na zaidi ya nusu saa ya filamu mbele, na ndani yake muswada ulikuwa na sini mbili za kupigana. Zote mbili tulizitoa, maana kila mume aliponyanyua kikombe kuanzia hapo, watu wa chumba cha majaribio walikuwa wanamtazama mke.